Balua Iliyokataa Kushuka

Ipo siku moja naikumbuka kwa saa na dakika zake, mwanangu, na kila ikinijia nageuza shingo kuangalia kama kuna mtu ananicheka. Ilikuwa Ijumaa, Runzewe, na mimi nilikuwa kijana. Usinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa hesabu za serikali ujana unafika thelathini na mitano. Nilikuwa na miwili ya akiba.

Kazi yangu ilikuwa mbuzi. Nilinunua kwenye minada ya Kishapu, nikauza Runzewe kwa wenye mabucha wanaolisha wachimbaji. Mtu wa mbuzi haamini mtu. Mbuzi nilimhesabu akiingia zizini, nikamhesabu akitoka, na katikati nikamfungua mdomo nihesabu meno, maana muuzaji atakuapia kwa mama yake kwamba mbuzi ni kijana, kumbe ana wajukuu. Na huku kwetu kwenye dhahabu, mtu mzima na akili zake huuziwa shaba iliyosuguliwa akaibeba nyumbani kwa shangwe. Kwa hiyo shaka kwangu haikuwa dhambi. Ilikuwa kifaa cha kazi, kama kamba.

Mdogo wangu wa kike, Minza, alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi Geita. Baba alishatutoka, mama alikuwa kijijini Didia na miguu yake inayouma, hivyo mambo ya Minza yalikuwa mikononi mwangu. Chuo kilituma barua pepe kwenye anwani yangu, na ndani yake viambatisho viwili: barua ya wito, na fomu ya kujazwa na kugongwa muhuri wa mtendaji wa kata. Jumatatu asubuhi Minza awe getini na karatasi zote mbili, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata. Barua pepe hiyo ilikuwa imelala kwenye simu yangu siku nne bila kufunguliwa. Siamini barua isiyoletwa na mtu, nilijiambia. Mpaka Ijumaa hiyo Minza aliponiuliza kwa mara ya tatu.

Mtendaji alikuwa akifunga ofisi saa tisa na nusu. Minza akaenda kumshikilia kwa maneno, mimi nikakimbilia stationari ya Mama Kulwa, mama mmoja mnene mpole aliyekuwa na kompyuta mbili, printa moja na ulimi wa wembe.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba. Leo mbuzi wanasoma?"

Nikaketi, nikafungua barua pepe yangu. Kompyuta yake ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili. Nikabonyeza kiambatisho cha kwanza palipoandikwa *Pakua*. Kimya. Mimi kupakua nilikokujua ni kwa aina mbili, ugali kutoka chunguni na mizigo kutoka kwenye lori, na kote kuwili kinachopakuliwa unakiona. Hapa sikuona kitu. Nikabonyeza cha pili. Hapo juu ya kioo kikachomoza kisanduku kidogo: tovuti hii inataka kupakua mafaili mengi. Chini yake maneno mawili, *Ruhusu* na *Zuia*.

Mengi? Nikahesabu viambatisho: viwili. Nikahesabu tena: viwili. Sasa hayo mengi yanatoka wapi? Nani kaongeza mbuzi kwenye kundi langu? Nikabonyeza *Zuia* kwa nguvu, nikajisifu moyoni. Mjini hapa, nikasema, hawanipati.

Kuanzia hapo kila nikibonyeza *Pakua*, kivinjari kilinitazama kama ng'ombe aliyeshiba. Nikabonyeza mara saba. Simu ikaita.

"Kaka, mtendaji ameshavaa kofia."

"Mvue."

"Nimvue mtendaji kofia?"

"Muulize habari za shamba lake. Zungumza naye!"

Mama Kulwa, ambaye alikuwa akimpigia mteja fotokopi, akasema bila kugeuka, "Vitu vikishuka vinakaa kwenye folda ya Vipakuliwa. Ifungue, andika jina la faili hapo juu, litakuja."

Nikaifungua. Ilijaa mafaili ya watu wa Runzewe nzima. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: *balua*. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikaandika tena: *balua*. Hakuna.

Hapo, mwanangu, shaka ikaacha kuwa kamba ikawa moto. Nikakumbuka kwamba Mama Kulwa alikuwa na binti wa dada yake aliyemaliza shule mwaka mmoja na Minza. Nikakumbuka kwamba binti huyo naye alitaka uuguzi. Mbili kujumlisha mbili nikapata kumi na tisa. Nikasimama, mbele ya wateja watatu, nikasema, "Mama Kulwa, umeificha balua ya mdogo wangu ili nafasi aipate mtoto wako!"

Fotokopi ikanyamaza. Mama Kulwa akaja taratibu, akakaa kwenye kiti changu kikiwa bado na joto langu, akasoma nilichoandika. Akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe, muuza mbuzi. Mimi nami Msukuma, kinywani nasema *balua* tangu nizaliwe. Lakini kidole changu kilipelekwa shule." Akafuta L, akaweka R. Barua ya wito ikajitokeza hapo hapo, tayari imeshuka tangu nilipobonyeza mara ya kwanza.

Nikawa mdogo. Lakini fomu haikuwemo. Mama Kulwa akarudi kwenye barua pepe, akabonyeza, akaona haishuki. Akatazama juu pembeni, penye alama ndogo iliyopigwa msalaba mwekundu.

"Nani kabonyeza *Zuia* hapa?"

Wateja watatu wakanijibia kwa kunitazama.

"Mnadani unahesabu mbuzi mara mbili," akasema, na sasa hakucheka. "Wewe mwenyewe umejihesabu mara ngapi? Mlango umeufunga kwa mkono wako, halafu unanidai mimi ufunguo, na jina langu unalipaka matope mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, baba. Chako ni hicho kidole."

Akagusa ile alama, akachagua *Ruhusu*. Lakini kabla ya kubonyeza *Pakua* alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alisoma anwani ya mtumaji herufi moja moja, kwa sauti, akarudia kutoka mwisho. Akaangalia mkia wa jina la faili, zile herufi baada ya nukta, kuona kama kweli ni karatasi au ni programu iliyovaa nguo za karatasi. Kumbe naye alikuwa na shaka kunishinda. Tofauti ni kwamba yake ilitazama mahali pake.

Fomu ikashuka, printa ikaitema, nikaondoka mbio hata asante sijasema. Nilimkuta mtendaji ameshapanda pikipiki na Minza amesimama mbele ya gurudumu, anauliza habari za mihogo kwa mara ya nne. Muhuri ukagongwa juu ya kiti cha pikipiki. Mpaka leo kwenye faili la Minza huko chuoni upo muhuri ulioinama.

Jumamosi nilirudi kwa Mama Kulwa. Nilingoja wateja wawe watatu, nihesabu vizuri, ndipo nikaomba radhi kwa sauti ile ile niliyotukania. Akasema, "Wabeja," kama tunavyoshukuru kwetu, na akaongeza, "Leo umehesabu sawa."

Basi sikia, mwanangu. Sikuambii uache shaka. Dunia hii ukiiamini yote itakuuza na kamba yako. Mtumaji msome herufi kwa herufi, na faili liangalie mkia kabla hujalikaribisha. Mashine ikikuuliza swali, lisome lote kabla ya kulijibu. Ikikataa kushusha kitu, angalia kwanza kama hakijashuka tayari, kisha kama si wewe uliyezuia, kisha kama jina umeliandika lilivyo na si unavyolitamka. Ukimaliza yote hayo na bado hakuna, ndipo umtazame jirani, na hata hapo umtazame kwa swali. Nyani haoni kundule, na mwenye shaka ni nyani mwenye macho makali zaidi.

Mungu akupe milango ya kufunga na kumbukumbu ya wapi umeweka ufunguo. Akupe na mtu wa kukucheka mapema, kabla hujaharibu jina la mtu.

Minza sasa ni muuguzi mkuu wa wodi. Kila akinitumia picha za wanawe kwa barua pepe, faili analipa jina lile lile: *balua*. Nami nalipata mara ya kwanza tu.