Sauti ya Nyamizi Katika Kanda ya Majaribio

Nyanda wa Mwamapalala alikuwa mpiga ngoma wa kulimia. Wapo wapiga ngoma wa harusi, wapo wa mashindano ya baada ya mavuno, lakini ngoma ya Nyanda ilikuwa ya shambani, watu wakiwa wameinama na majembe mikononi na udongo bado una unyevu wa mvua. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kujibu "ee" pale ambapo wengine wangeeleza habari nzima. Nilikuwa jirani yake. Nililima kwa ngoma hiyo tangu nikiwa kijana, na ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe kidogo kidogo, kwa miaka.

Kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kulimia, kilikuwa kinaalikwa shamba hadi shamba. Mwenye shamba alipika, sisi tukapandisha matuta. Manju wetu, yaani mtoa wimbo, alikuwa Nyamizi, mke wa Nyanda. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa na mkwaruzo fulani, kama mtu aliyetoka kucheka sana, na ilipopanda juu ulikuwa unajikuta jembe limeshapanda nayo kabla hujakusudia. Wimbo wake mkubwa ulikuwa ule wa mtamba aliyekataa kukamuliwa na mgeni. Beti zake hazikuwa na mwisho, alizitunga akitembea mbele yetu kinyumenyume, na Nyanda alimfuata kwa ngoma akimtazama mdomo.

Msimu wa mvua wa mwaka tisini na tatu alikuja mwanamke mmoja aitwaye Wilhelmina, mwenyeji wa Songea, mwalimu wa chuo kimoja cha michezo kule upande wa Kwimba. Alifika jua likiwa utosini, akatusalimu, "Mwangaluka!"

Watu wakaangua kicheko. Nyamizi akamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ya asubuhi. Saa hizi ni mwadila."

"Basi mwadila," akasema, naye akacheka. Tukampenda hapo hapo.

Alitueleza alichokitaka. Wanamichezo, alisema, huchoka kabla miili yao haijaishiwa nguvu, na yeye alitaka kujua kama wimbo na ngoma hupunguza uchovu kweli, au humsahaulisha mtu tu kwamba amechoka. Mahali pa kujaribia ni pale ambapo watu wanafanya kazi nzito kwa wimbo kila siku. Siku moja tungelima na ngoma, siku nyingine tungelima kimya, shamba lile lile, majembe yale yale. Angetupima mapigo ya moyo, na wachache wetu wangepumulia ndani ya mifuko mikubwa ya mpira, pua zimebanwa, ili apime hewa tunayoitumia.

Siku za kimya zilikuwa mbaya. Ulisikia majembe, chafya, mtoto akilia mbali, na kila mmoja alilima kwa mwendo wake kama watu waliogombana. Nyanda aliketi kwenye ukingo wa shamba, ngoma imelala ubavuni, hajui mikono aiweke wapi.

Lakini siku za wimbo nazo zilimpa mwalimu taabu. Nyamizi akiamka na furaha, wimbo ulikwenda mbio. Akiwa na mawazo, ulikwenda polepole. "Siwezi kulinganisha," mwalimu alisema. "Nahitaji wimbo mmoja usiobadilika." Ndipo akaleta redio kaseti na kipaza sauti chenye waya, akawarekodi mume na mke nyuma ya nyumba yao. Majirani tulizuiwa kusogea, na kuku walifukuzwa. Tangu siku ile tulilima kwa kufuata redio iliyowekwa juu ya kiti, na Nyamizi akashika jembe kama sisi, akilima kwa sauti yake mwenyewe. Mara nyingine alisimama akaitazama redio, akatikisa kichwa.

"Huyu mama anajidai," alisema. Tulicheka hadi tukapoteza mstari.

Mwalimu alipoondoka alitueleza alichokiona. Kwa wimbo moyo haukupiga polepole zaidi, ila watu walifika mbali zaidi kabla ya kusema tumechoka. Alitushukuru, akatupa mkono mmoja mmoja. Kanda akaenda nayo chuoni.

Hakuna aliyejua wakati ule, hata Nyamizi mwenyewe, kwamba alikuwa mjamzito. Martha alizaliwa baada ya pamba kuvunwa. Alikuwa ndio kwanza ameanza kusimama kwa kushika ukuta Nyamizi alipopatwa na homa, wakati mto umejaa na barabara ya kwenda hospitali imekatika. Maji yalipopungua, hakukuwa na haja tena ya kuvuka.

Nyanda alizika, akalima, akamlea mtoto kwa msaada wa mama yake mzazi, Lukresia. Mambo yalikuwa yanabadilika. Wanunuzi wa pamba walikuja wengi, kila mmoja na lori lake na mizani yake. Vijana walilima kwa plau, na aliyebaki na jembe alilima peke yake, redio imening'inizwa mtini, muziki wa Kikongo ukivuma mashambani. Hakuna aliyekivunja kikundi. Msimu mmoja tu hatukuitana, na msimu uliofuata ikawa hivyo hivyo. Ngoma ya Nyanda ikakaa ghalani, panya wakaanza kuila kamba.

Nilidhani kinachomtesa ni upweke. Siku moja tukichambua pamba barazani kwake, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Maneno yake yote ninayo," alisema. "Nyimbo zote ninazo. Sauti ndiyo imeniponyoka."

"Imekuponyokaje?"

"Nikikumbuka anavyosema, nasikia sauti yangu mwenyewe. Uso ninao. Mwendo ninao. Sauti hapana."

Mjini Bariadi kulikuwa na duka la Hamza, aliyeuza redio, betri na kanda, vitu vilivyoanza kujaa madukani miaka ile. Nyanda akienda mjini alisimama kwenye baraza la duka lile akisikiliza kila kanda iliyopigwa, hanunui kitu. Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa taarabu ambaye katika wimbo mmoja, mahali pamoja tu, alipandisha sauti ikakwaruza.

"Rudisha hapo," Nyanda alimwomba Hamza.

Hamza alirudisha. Akarudisha tena. Halafu akasema kwa upole, "Mzee wangu, unamtafuta nani humu?"

Nyanda alichukua baiskeli yake akaondoka. Kwa muda mrefu hakupita mtaa ule.

Huenda unajiuliza kwa nini hakuifuata ile kanda ya mwalimu tangu mwanzo. Nami nilimuuliza. Alisema aliogopa. Aliogopa kuambiwa imepotea, na aliogopa pia kuisikia, maana baada ya kuisikia angefanya nini? Kilichomwondoa nyumbani ni Martha. Mtoto alikuwa amefikia umri wa kwenda shule, na alikuwa akimsikia Lukresia akiwaambia wageni kwamba mama wa mtoto alikuwa manju. Siku moja akamuuliza baba yake, akimtaja mama kwa Kisukuma, "Mayu alikuwa anaimbaje?"

Kesho yake Nyanda alidandia lori la pamba lililokuwa likienda Maswa, na kutoka huko akashika njia ya Kwimba.

Chuo alikiona kwa mbali, mabati mapya na uwanja uliozungushiwa miti. Alimuuliza mlinzi habari za Mwalimu Wilhelmina, akaelekezwa kwenye bwalo. Kabla hajaufikia mlango, alisimama.

Nyamizi alikuwa anaimba.

Ulikuwa ni ule wimbo wa mtamba, na ngoma iliyokuwa chini ya sauti ilikuwa ngoma yake mwenyewe, mikono yake ya wakati ule. Alipochungulia ndani aliona vijana wa kiume na wa kike wamevaa kaptula, wamekaa juu ya baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma zisiende popote. Walikuwa wakikanyaga pedali kwa kufuata wimbo, jasho linadondoka sakafuni, na wengine wakipumulia mifuko ile ile ya mpira. Hawakujua Kisukuma. Lakini mahali pa kuitikia waliitikia, matamshi yamepinda, wote kwa pamoja.

Binti mmoja aliyekuwa akipumzika karibu na mlango akamwona. "Shikamoo, baba. Unamtafuta nani?"

"Marahaba." Akanyoosha kidole kuelekea redio. "Huyo anayeimba, mnamjua?"

"Huyo? Tunamwita Dada Jembe," binti akajibu akitabasamu. "Anatumaliza huyo! Ila bila yeye hatufiki mwisho."

Mwalimu Wilhelmina alitokea upande wa pili wa bwalo, nywele zimeanza mvi. Alimtambua mara moja, akaja mbio mikono imetangulia.

"Nyanda! Mwadila! Unaona, sijasahau. Nyamizi hajambo? Umekuja naye?"

Nyanda alimwambia. Alisema kwa maneno machache, jinsi alivyosema kila kitu.

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akageuka kwa haraka kuelekea redio, mkono umenyooka kuizima. Nyanda akamshika kiwiko.

"Waache," alisema. "Hajafika mwisho."

Wakasimama pale wawili, wakasubiri. Vijana walikanyaga, wakaitikia, na Nyamizi akawapandisha juu kama alivyokuwa akitupandisha sisi, hadi ubeti ambao Nyanda alikuwa ameusahau bila kujua, ule wa mtamba anapoona ndoo na kugeuza shingo. Wimbo ulipokwisha vijana waliinamia usukani wakihema. Ndipo Nyanda alipolia, na vijana wale wakawa wanatazamana bila kujua wamekosea nini.

Mwalimu alimpeleka ofisini, akampa chai. Alimweleza kuwa kanda ile ya bwaloni ni nakala, tena nakala ya nakala, maana zinachakaa kwa kupigwa kila wiki. Ile ya kwanza aliifungia kabatini na hakuigusa miaka mingi. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye redio ndogo iliyokuwa mezani.

Kulikuwa na mambo ambayo kwenye nakala yalikatwa kwa sababu hayakuhitajika katika majaribio. Kwanza upepo. Kisha kuku, ambaye hakufukuzika. Kisha sauti ya mwalimu akisema wawe tayari. Halafu Nyamizi, si kwa wimbo, kwa maneno ya kawaida, karibu kabisa na kipaza sauti:

"Nianze?" Akacheka kidogo. "Nyanda, usinikimbize."

Ndipo akavuta pumzi, na wimbo ukaanza.

Nyanda aliniambia kwamba wimbo wenyewe hakuusikia mara ile. Alibaki kwenye yale maneno. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kuulizia chumvi, ya kumwita aje kula, sauti aliyoitafuta kwenye baraza la Hamza na isingepatikana humo, kwa kuwa hakuna anayeuza kanda za watu wakiongea na waume zao.

Mwalimu alimpa kanda ile ya kwanza. "Mimi nakala zinanitosha," alisema. Alimsindikiza hadi barabarani, na walipoagana alimwuliza kama angependa vijana waambiwe jina la mwimbaji. Nyanda akafikiri. "Waambie," akasema. "Ila wakipenda kumwita Dada Jembe, angecheka."

Aliporudi tulikusanyika kwake, wale wa kikundi tuliobaki. Nilibeba redio yangu. Martha aliketi chini mbele yake, magoti ameyakumbatia. Upepo ukavuma ndani ya redio, kuku akalia, na sauti ikauliza, "Nianze?"

"Anza, mayu," Martha akajibu.

Hakuna mtu mzima aliyeweza kumtazama mwenzake.

Siku zile za kwanza kanda ilipigwa kila jioni. Martha aliushika wimbo, akauimba akichota maji, maneno mengine ameyageuza, na baba yake hakumsahihisha. Nyanda alibadilisha kamba za ngoma yake, akaipiga mara moja moja mtoto akiimba. Watu walisema amepona.

Mimi sijui. Mwaka uliofuata nilimkuta peke yake uani, redio mapajani, akiipiga ile sehemu fupi, akiirudisha, akiipiga tena. Niliketi kando yake. Baadaye akaizima.

"Kila nikisikiliza," alisema, "akishasema nisimkimbize, nadhani ataongeza neno."

"Na haongezi."

"Haongezi." Akaifuta redio vumbi kwa kiganja. "Lakini bado nasubiri. Pale anapovuta pumzi, nasubiri."