Gauni la Kwendea kwa Korongo

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu katika duka la ushonaji la mumewe kazi yake ilikuwa vifungo na mapindo. Mkasi hakuugusa. Mkasi ulikuwa wa Fundi, na ukimgusia Fundi mkasi wake, umemgusia roho.

Mbele ya meza ya kukatia ilining'inia kalenda kuukuu yenye picha ya korongo taji, ndege ambao siku hizi wamebaki wa kutafutwa kwa tochi. Miaka nenda miaka rudi Fundi alikata nguo za watu akiitazama picha ile. "Ipo siku nitawaona wakicheza," alikuwa akisema, "kwa macho yangu haya haya." Sasa daktari alikuwa amesema macho yenyewe ndiyo yanaaga. Mama Vifungo hakutaka kusikia la mtu. Alitafuta safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hadi kwenye kinamasi wanakotua, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mwongozaji alisisitiza jambo moja tu: wavae nguo zilizofifia, maana rangi kali huwakimbiza ndege.

"Hilo niachie mimi," Fundi alisema, akajifungia dukani.

Asubuhi ya safari akamletea gauni, na yeye mwenyewe amevaa shati la kitambaa hicho hicho.

"Kijivu," alisema kwa maringo. "Watadhani ni ndugu zao."

Mama Vifungo alilikunjua. Gauni lilikuwa la rangi ya machungwa, linawaka! Wiki ile yeye alikuwa amefanya usafi dukani akahamisha majora ya vitambaa, na pale pa kijivu akaweka machungwa. Fundi alichukua kwa mazoea ya mkono. Jamani, kukosea jora ni kitu cha kawaida, lakini huyu alikaa na kitambaa mchana kutwa, akakikata, akakishona, asijue! Kumbe ule "ukungu kidogo" wa macho aliokuwa akiusema ulikuwa wa kumtuliza mkewe tu.

Angesemaje? Alilivaa.

"Limenikaa, Fundi," alisema.

Garini abiria walitazamana, mmoja akaficha kicheko kwenye leso. Walipofika kinamasini mwongozaji, mama mtu mzima, alifungua kinywa agombe. Mama Vifungo akaweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha macho ya mumewe. Yule mama akanywea. Kwa upole akawaomba wao wawili wapumzike kwenye benchi nyuma ya matete, wengine akasogea nao mbele.

Punde korongo wakaanza kulia, na watu kule mbele wakasikika wakishangaa kwa furaha.

"Wanacheza?" Fundi aliuliza.

"Wanacheza." Mbele ya Mama Vifungo palikuwa na matete matupu. "Mmoja anaruka, mwenzake anainamisha shingo. Taji zao, loh, kama dhahabu."

Fundi alitabasamu, uso ameuelekeza kwenye sauti. Kisha tabasamu likakatika.

"Mbona sisi tumewekwa nyuma?"

Mama Vifungo alianza kukunjakunja pindo la gauni lake.

"Nguo hizi ni rangi gani, mke wangu?"

Alijaribu kusema kijivu. Ulimi ukagoma, machozi yakatangulia.

"Machungwa," alisema.

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Na mshono je?"

Mshono wa ubavuni wa shati ulikuwa umekwenda upande, ukarudi, ukaenda tena. Mama Vifungo aliuona tangu nyumbani na ulimuuma kuliko ile rangi.

"Umenyooka, Fundi wangu. Kama kawaida yako."

Maisha yake yote Fundi hakuwahi kukagua mshono wake mwenyewe, aliwakagulia wanaojifunza kazi kwake. Sasa alipeleka kidole kwapani, akaanza kushuka nao polepole. Kidole kikafika pale uzi ulipopinda, kikasimama. Akakirudisha juu, akashuka tena, kikasimama pale pale.

Upande wa pili wa matete korongo waliruka kwa kishindo cha mabawa, watu wakashangilia. Wao wawili hakuna aliyeinua uso.

"Kesho mkasi ushike wewe," Fundi alisema. "Mimi unifundishe vifungo."