Moja Mara Mbili

Niliishia darasa la nne, na nyumba ninayokaa Makambako nimeijenga kwa mbao zangu mwenyewe. Nikiutazama mti wa paini ukiwa bado umesimama, nakwambia utatoa mbao ngapi. Wenye vyeti wakija na tepu zao wanakuta vilevile. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani hesabu inanishinda.

Nilipohama Matamba kuja kufungua yadi ya mbao, nilihamisha kila kitu isipokuwa daktari wangu. Mzee yule alinitibu presha miaka mingi: kidonge kimoja kila asubuhi, basi. Kwenye bahasha ya dawa alikuwa anaandika 1 × 1. Baba yangu presha ilimwangusha akapooza upande mmoja mpaka tunamzika, na mimi niliapa hainipati hiyo. Nikasema nitatafuta daktari mwingine kama ninavyochagua mbao. Nagonga, nasikiliza, ikilia vibaya naiacha.

Wa kwanza, palepale Makambako, alinipima jioni nilipofunga yadi. Presha iko juu. Akabadilisha dawa, akaandika 1 × 2, macho yote kwenye kompyuta. Wiki mbili baadaye, asubuhi napata kizunguzungu mbele ya msumeno, na jioni nikipimwa presha bado iko juu. Nikamwacha. Wa pili akaongeza, akaandika 2 × 2. Huyo siku ya tatu tu nilijikuta nimekaa chini kwenye vumbi la mbao, wateja wananitazama. Naye nikamwacha.

"Baba watoto, utawamaliza madaktari," mke wangu akasema.

"Bado wa Njombe," nikamjibu.

Njombe nikamkuta binti, umri wa mwanangu wa mwisho.

"Kamwene, baba."

Nikaitikia huku natazama mlango. Lakini hakushika kalamu. Alichukua bahasha yangu, akaisoma, akamimina vidonge kwenye karatasi.

"Nionyeshe unavyomeza asubuhi."

Nikatenga vinne.

"Na jioni?"

"Jioni simezi. Si wameandika mbili mara mbili?"

"Ambayo ni ngapi, baba?"

"Nne. Hiyo hata usingizini nakujibu."

Hakucheka. Muuguzi nyuma yake ndiye aliyeinamisha uso. "Hesabu yako ni sahihi," binti akasema. "Ila mara ya hapa ni ya saa, si ya kuzidisha. Viwili asubuhi, viwili jioni. Na hivyo navyo ni vingi kwako. Tutarudi kwenye kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Masikio yaliniwaka. Kumbe Matamba moja mara moja ilikuwa moja, uihesabu unavyotaka, kosa lisingejitokeza. Ningeweza kunyanyuka nikaondoka, na nilitaka. Nikamkumbuka baba pale kitandani.

"Andika kwa maneno," nikamwambia.

Akaandika. Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, na muuguzi anasikia.

Sasa kila mwezi napanda gari kwenda Njombe, ingawa zahanati iko jirani na yadi yangu. Wanaoniuliza nimefuata nini huko nawaambia daktari wangu nimemchagua mwenyewe. Mwezi uliopita presha ilikuwa imeshuka vizuri, na bado aliuliza, "Unamezaje, baba?"

"Kimoja nikifungua yadi, kimoja nikifunga."