Goti la Namba Kumi

Kwenye kona ya tatu Zilpah alitambua kwamba amepotea. Njia ilikuwa imebana kiasi kwamba watu wawili hawangeweza kwenda bega kwa bega, mmoja wao akiwa na gongo, kwa hiyo Bramwel alitangulia na mama yake akafuata nyuma, akiitazama ile hatua ambayo sasa alikuwa ameizoea: gongo, mguu mzima, mguu mbovu ukiburutwa. Miaka ishirini na minne aliyoishi Mombasa, mtaa huu wa Kuze aliujua kwa jina tu. Mombasa yake ilikuwa Changamwe, kanisa, ofisi ya kutolea mizigo alikofanya kazi ya ukarani, na Biashara Street mara mbili kwa mwaka kununua leso za kupeleka kwao Vihiga. Huku ndani hakuwahi kuwa na shughuli. Watoto wa madrasa walikuwa wakisoma kwa sauti moja nyuma ya ukuta, na mzee aliyeketi barazani kwake aliwaitikia salamu bila kuuliza lolote, kama mtu aliyezoea kuona vijana wenye magongo wakipita hapo.

"Kocha alisema mlango wa kijani," Bramwel alisema.

"Hapa milango mitatu ni ya kijani."

"Basi tupige hodi yote."

Mwanamke aliyekuwa akichagua mchele dirishani aliwacheka. "Mwatafuta kwa Bi Ruweida? Wote wanaochechemea hutafuta kwa Bi Ruweida. Piteni msikiti, mkono wa kushoto. Mtamuona kocha wenu amejikalia barazani kama mwenye nyumba."

Na kweli kocha Charo alikuwepo, filimbi shingoni ingawa siku hiyo hapakuwa na mchezo mahali popote. Katika chuo cha ufundi alikosoma Bramwel, Charo alifundisha kuchomelea vyuma asubuhi na mpira jioni. Alisimama haraka.

"Karibu, Mama Bramwel. Pole na njia."

"Ahsante, mwalimu. Tumefika."

Zilpah alitamani kumchukia mtu huyu na hakuweza. Charo alikuwa amekuja nyumbani kwake mara nne katika wiki tatu, kila mara na matunda, na kila mara akakaa kwenye ukingo wa kiti akilitazama goti la Bramwel kama mtu anayetazama gari lililomfia barabarani.

Wiki tatu nyuma Bramwel, namba kumi wa chuo, aliruka kuuwahi mpira wa kichwa akatua vibaya. Daktari alizitazama picha akasema kano ya ndani ya goti imekatika: upasuaji, kisha miezi tisa bila mpira. Lakini Jumamosi iliyokuwa ikija ilikuwa nusu fainali ya vyuo, na kampuni moja ya makontena bandarini, yenye timu yake, ilikuwa imetuma habari kwamba mtu wao atakuja kumtazama namba kumi. Kila mtu Changamwe alijua maana yake. Anayesajiliwa na timu ya kampuni hupewa na kazi ya kampuni. Bramwel alikuwa anamaliza chuo mwaka huo, na waliomaliza kabla yake walikuwa bado wamekaa vibarazani na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni. Ronald, babake, aliyestaafu reli na kurudi shambani Vihiga, alipiga simu kusema maneno matatu: muache kijana acheze. Daktari alisema hapana. Kocha alisema hospitali huogopa kila kitu. Basi wakakubaliana, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hekima, kwamba watafuata neno la Bi Ruweida.

Bi Ruweida alikuwa mkandaji. Alikuwa amewakanda wachezaji wa Mombasa tangu Charo mwenyewe akiwa kijana wa winga, na alikuwa na utaratibu mmoja usiobadilika. Akikuona una kasoro, hukukanda kwa mafuta ya simsim, kisha hukufunga kwa utepe uliochanwa kwenye leso kuukuu. Ukishafungwa, hugusi mpira mpaka akufungue yeye kwa mkono wake. Hakuna aliyethubutu kuufungua mwenyewe. Charo aliwahi kumshusha nahodha wake kwenye basi la safari ya Malindi kwa sababu aliuona utepe chini ya soksi yake. Na ukitoka mlango ule bila utepe, maana yake u mzima, nenda kacheze. Jambo hilo lilieleweka kwa wachezaji wote wa kisiwani kama wanavyoielewa filimbi.

Charo alibaki nje. Ndani, Bi Ruweida alikuwa ameketi juu ya mkeka, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili wake.

"Ndoo karibu, kijana, nyosha guu hapa. Mamako akae pale. Na asinitazame mikono, nitaona haya."

Hakuuliza panauma wapi. Aliliweka goti juu ya paja lake akaanza kulipapasa kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, na huku akizungumza mengine kabisa.

"Kwenu bara mwala nini?"

"Ugali, bibi."

"Kwa zile mboga zenu zinazoteleza?"

"Mrenda."

"Niliwahi kulishwa mrenda mimi, na mke wa askari mmoja hapa Bondeni. Wallahi nimeukimbiza sahani nzima. Nikiushika huku, watokea kule. Mwisho nikamwambia, dada, hiki si chakula, hiki ni samaki hajafa."

Bramwel alicheka, na katikati ya kicheko chake Bi Ruweida aliuvuta muundi mbele, kidogo tu. Kicheko kikakatika. Zilpah, aliyeambiwa asitazame, aliuona mguu wa mwanawe ukisogea mahali ambapo mguu haupaswi kusogea.

Bi Ruweida aliuteremsha taratibu, akajifuta mikono.

"Nitazame matoni, mwanangu. Mimi hukanda msuli uliojikunja. Hurudisha kifundo kilichoteguka. Hii ni kamba imekatika, na kamba iliyokatika haikandwi. Daktari amekwambia kweli. Sitakukanda wala sitakufunga, maana nikikufunga nitakuwa nimekwambia nina dawa yako, na sinayo."

Bramwel alivaa kiatu, akachukua gongo, akashukuru kwa adabu, akatoka. Zilpah akabaki nyuma.

"Bi Ruweida," alisema kwa sauti ya chini. "Mfunge tu. Siku saba. Jumamosi ipite."

"Wataka nikutilie uongo ndani ya leso?"

"Nakuomba kama mzazi."

"Na mimi nimezaa. Nikimfunga, atasubiri nimfungue. Siku ya nane atakuja aketi hapo hapo, na goti ni lile lile. Nimwambie nini siku hiyo? Kacheze?"

Kabla Zilpah hajajibu, sauti ya Charo ikalipuka barazani.

"Hakufungwa! Bramwel, hukufungwa! Mungu mkubwa!" Kisha, kwa simu: "Levi? Waambie wenzako namba kumi yupo. Ndiyo, nimemuona kwa macho yangu, ametoka bila utepe mguuni!"

Zilpah alifika mlangoni. Mwanawe alikuwa amesimama juani akiegemea gongo, na kocha wake alikuwa akimpigapiga mgongoni, na Bramwel hakuwa akisema neno. Alikuwa akitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Zilpah alilijua tabasamu lile tangu Bramwel alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu alipomsifu kwa mchoro wa mtoto mwingine naye akanyamaza akapokea sifa.

Akahisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Katika nyumba yao Ronald alikuwa mtu wa ndiyo. Alikuwa akirudi na treni, miwa mkononi, na kila alichoombwa alikubali, kisha akaondoka tena na treni. Hapana zote zilikuwa za Zilpah. Usiogelee Kibarani. Usiache shule ukaendeshe bodaboda. Usilale kwa rafiki. Alizisema akitoka kazini, zingine kwa Kilogoli, zingine kwa Kiswahili, zingine kwa kunyamaza tu, na watoto walimpenda baba yao kwa wimbo na yeye kwa wajibu. Ndiyo sababu aliomba ruhusa ya nusu siku akaja mpaka huku: ili angalau mara moja hapana itoke kinywani mwa mtu mwingine. Nayo ilikuwa imetoka, wazi kabisa, na bado imemrudia yeye.

"Mwalimu Charo," alisema. "Kata simu."

"Mama, si umeona mwenyewe..."

"Kata simu. Bibi hakumfunga kwa sababu goti lenyewe halikandiki. Kano imekatika. Amesema daktari alisema kweli. Bramwel alikuwa anasikia."

Charo alimgeukia kijana. Tabasamu lilikuwa limetoweka. Bi Ruweida naye alitokea, akashika fremu ya mlango.

"Ndivyo," alisema. "Leo kutofunga kwangu si ruhusa."

"Lakini bibi, miaka yote hii..."

"Miaka yote hii mwaniletea vifundo. Leo umeniletea kazi ya kisu."

Charo aliketi barazani. Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaanza upya, polepole, kama mtu anayepunguza bei.

"Dakika ishirini je? Hatakimbia. Namweka katikati, asimame tu, agawe mpira. Mimi sihitaji miguu yake, nahitaji macho yake. Hakuna mwingine anayeuona uwanja kama huyu. Asimame tu, jamani."

"Na hao mtakaocheza nao," Bi Ruweida aliuliza, "mumewaambia nao wasimame?"

"Goti ni langu!" Bramwel alisema kwa sauti iliyowageuza wapita njia wawili. "Mnanizungumzia kama gunia la mtu. Nina miaka ishirini na mbili. Yule mtu wa kampuni hatarudi mwakani. Mama, wewe unajua hatarudi."

"Najua."

Bramwel alitarajia kupingwa. Neno lile moja lilimwacha bila pa kushika.

"Hatarudi," Zilpah aliendelea, "na mimi sina kazi ya kukupa badala ya hiyo. Sikukatazi. Nimechoka kukukataza, Bramwel. Ukienda Jumamosi, nitakuja, nitakaa mahali pa kuona vizuri, na likitokea la kutokea nitakubeba. Ila usiende ukisema Bi Ruweida alikuruhusu. Nenda ukisema umeamua."

Bramwel alilichoma gongo kwenye ufa wa sakafu, akalichomoa, akalichoma tena.

"Jumapili," alisema mwisho, "nyinyi mkiwa kanisani, nilienda uwanjani. Bila gongo. Nilisimama tu, kocha, hivyo hivyo unavyosema. Mpira miguuni, nikawa nagawa ukutani. Nikasema, hii naweza. Kisha Dama, jirani yetu, akaniita kutoka barabarani, nikageuka kumwitikia. Goti likatoka. Nilianguka na hapakuwa na mtu wa kunigusa." Alilitazama goti lake. "Nilimwambia nimeteleza."

"Hukuniambia," Charo alisema.

"Nakwambia sasa. Jumamosi mtu akipiga kelele 'Bram, nyuma yako!' nitageuka na nini?"

Charo aliitazama simu iliyokuwa bado mkononi mwake. Zilpah aliona kwamba kocha pia ana umri, kwamba chini ya macho yake pamevimba, na kwamba msimu huu pengine ulikuwa na maana kwake ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Hakumwonea huruma. Siku hiyo hakuwa nayo ya kutosha kugawa.

"Nani utamweka?" Bramwel aliuliza.

"Levi."

"Levi hatazami kulia. Mpira wote ataupeleka kushoto, wamsubiri huko wamnyang'anye."

"Basi tutafanyaje? Ndiye aliyepo."

"Mazoezi saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Twende nikamwambie."

Zilpah alichukua mkoba wake. Bramwel alimtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke ndani, na hapakuwa na shukrani usoni mwake, wala Zilpah hakutarajia kuiona. Kijana alikuwa amepoteza kazi kabla hajaipata, na mtu aliyekuwa karibu kuliko wote wakati ikimponyoka alikuwa mama yake. Ingechukua muda. Pengine miezi tisa yote.

"Usije, mama," alisema. "Baki."

"Bramwel..."

"Baki tu. Nitarudi nyumbani mwenyewe."

Bi Ruweida alikuwa ameshaketi barazani, akapigapiga mahali pa pembeni yake. "Keti, dada. Miguu yako yenyewe imefura kama mikate. Muache ende."

Zilpah aliketi. Kocha na kijana walikuwa tayari wamefika mbali kidogo. Charo alinyoosha mkono kumshika kijana kiwiko, Bramwel akaukwepa. Penye kona alisimama, akageuka kuifuata njia, mwili mzima pamoja na gongo, polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayezungusha kabati chumbani. Hakutazama nyuma. Akapotea, na kwa muda sauti yake iliendelea kusikika nyuma ya ukuta, kali, ikimwambia kocha kwamba Levi apigiwe kelele kutoka upande wa kulia mazoezi yote ya leo, mpaka azoee kugeuka.