Vidonge vya Kurudi Nyumbani

Mama yangu hapendi hospitali, lakini famasi anaipenda kama wengine wanavyopenda soko. Famasi ya kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, iko kwenye kona, mlango wa chuma wenye msalaba wa kijani uliochorwa kwa mkono, benchi moja nje, na ndani kaunta ya kioo kilichopasuka kikazibwa kwa utepe. Anayeuza ni mwanamke wa makamo tunayemwita mama wa famasi. Kwake huendi ukataja dawa, ukapewa, ukaondoka. Unasalimia, unakaa kwenye benchi, zamu yako ikifika unaulizwa habari za nyumbani, ndipo unaeleza kinachokusumbua. Unaeleza mbele ya wote, na benchi zima lina neno la kusema. Kichwa kinauma upande gani? Jana ulikula nini? Mbona macho yamekuwa manjano? Mama alikuwa akienda kutafuta kidonge cha kichwa, anarudi amekwisha kupona, kidonge bado kimo kwenye karatasi.

Kidonge hicho kinaingia kwenye mkebe. Kwetu kila nyumba ina mkebe wake, mara nyingi wa maziwa ya unga, na dawa zinazobaki mtu akipona hazitupwi. Zinamngoja mgonjwa mwingine, awe wa humo ndani au wa jirani. Mtu anabisha hodi asubuhi, mtoto ana homa, hamuna kintu? Mama anashusha mkebe kutoka juu ya kabati, anachagua, anampa, anamwambia amnyweshe baada ya kula bukari, ugali wetu. Najua, daktari akisoma haya atashika kichwa. Na ashike. Ndivyo tulivyolelewa, na katika barabara yetu mtu aliyemnyima jirani kidonge alisemwa mwaka mzima.

Moyo wa Mama ulipoanza kumchezea, yaya wangu anayeishi Ubelgiji alikuja kumchukua. Yaya ni kaka yangu mkubwa, mtu wa maneno machache na roho nzuri, na aliniapia kwamba atatibiwa atarudi. Kweli alitibiwa. Alipewa kidonge kidogo cha rangi ya waridi, asubuhi na jioni, maisha yake yote, na akaambiwa asikiache hata siku moja. Mvua zimekuja na kuondoka sijui mara ngapi tangu siku ile, chumba chake nakifagia kila Jumamosi, na yeye bado yuko kule.

Kila Jumapili baada ya misa tunaonana kwenye simu. Ungedhani atanisimulia majengo, au theluji. Wapi. Alinisimulia famasi.

"Benchi haiko," aliniambia mara ya kwanza, kama mtu aliyeibiwa. "Unaingia, unapana kitambulisho, ule muntu anaiingiza mu mashine. Mashine njo inamwambia ugonjwa yako. Wewe hausemi kintu."

"Si ni vizuri, Mama? Haupangi mstari."

"Muzuri nini? Ananisemesha polepole kama padri mu confession, ati bengine basisikie. Miye niliiba? Na haniulize hata kama nililala muzuri."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Lakini yeye hakucheka. Aliniambia kwamba alijaribu kuomba maboksi mawili, moja la kutumia na moja la kuweka, kama mtu mzima yeyote anavyofanya, wakamkatalia. Mashine inajua siku ambayo boksi linakwisha. Ukienda kabla ya siku hiyo, hupati. Kwetu unanunua ukitakacho, kidonge kimoja au mfuko mzima, na ukipungukiwa mama wa famasi anakwambia utaleta kesho. Kule dawa ni yako lakini hukabidhiwi. Mama aliliona hilo kuwa dharau, na mpaka leo sijapata maneno ya kumtoa kwenye wazo hilo.

Alichokuwa anataka kilikuwa kimoja tu, na alikisema kila Jumapili bila kukizungusha: anataka kurudi. Afe baadaye akitaka Mungu, lakini alale kwanza kwenye kitanda chake, asikie watu wanaoongea kwa sauti. Yaya hakukataa. Aliweka sharti moja. Kile kidonge cha waridi kipatikane Lubumbashi, kipatikane wakati wote, basi atamkatia tiketi. Kisipopatikana, Mama habanduki.

Mimi, binti yake, ni mshonaji, sijui mambo ya dawa. Lakini kazi hiyo nilijua inavyofanywa kwetu: unabeba boksi tupu. Yaya alinitumia boksi tupu la Mama kwa mkono wa msafiri, nikaliweka kwenye mkoba, nikatoka nalo kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea kwa kuonyesha picha yake.

Nilianza kwa mama wa famasi. Alivaa miwani, akatoka nalo nje kwenye mwanga, akaligeuza pande zote. "Iyi sijaionaka," akasema. "Lakini niko na ndugu yake." Mjini wakaniambia hivyohivyo. Huyu ana ndugu yake, yule ana binamu yake, mwingine ana kitu cha jina linalofanana kilichotoka India. Ukoo mzima wa dawa ile nilikutana nao, isipokuwa yenyewe. Nilimpigia yaya, naye akamuuliza daktari, na daktari akasema ndugu hapana, binamu hapana, ni hiyohiyo. Nikaenda hadi Golf, mtaa wa wenye pesa, kwenye famasi yenye kioo mlango mzima na baridi ndani hata unatamani sweta. Msichana wa pale alikuwa mpole. Aliandika kwenye kompyuta, akaniambia wanaweza kuagiza, ila ikichelewa uwanja wa ndege wasilaumiwe. Inachelewa kiasi gani, nikamuuliza. Akainua mabega. Moyo wa Mama haujui kungoja mzigo uwanjani, nikamwambia, nikatoka nikiwa na hasira ambayo yeye hakuistahili.

Ndipo nikaenda Mokambo, mpakani. Watu walisema ng'ambo, upande wa Zambia, dawa za moyo zipo. Nikapanda gari la wachuuzi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, nikavuka, nikapata famasi ya kijana mmoja mwenye tai. Kule vidonge wanakufungia kwenye vibahasha vya karatasi, jina lako juu, na mara ngapi kwa siku. Nilivipenda sana hivyo vibahasha. Kijana alilitazama boksi, akaniambia kwa Kibemba kwamba dawa hiyo huwa inakuja. Nikamwambia nifungie.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Yuko Ulaya."

"Sasa mbona wewe ndiye unayenunua?"

Mtu wa Lubumbashi utamjibu nini swali kama hilo? Kwetu mgonjwa hanunui dawa, mgonjwa amelala. Wanaotembea ndio wanaonunua. Lakini kijana alinieleza kwa upole kwamba hapana, mgonjwa mwenyewe aonekane na daktari wao, aandikwe kwao, halafu awe anarudi. Nikamwambia sawa, ataletwa, nitamleta mimi mwenyewe kila mara, hata kwa kumbeba mgongoni. Kisha akasema, na namshukuru kwa kutonidanganya, kwamba dawa hiyo inakuja lakini pia inapotea, wakati mwingine miezi, na yeye kama angekuwa na mama wa moyo wa namna hiyo asingemtoa aliko. Nikarudi na boksi tupu mapajani. Wachuuzi waliniuliza nini kilinipata, nikawaonyesha boksi.

Jumapili nikamwambia Mama. Sikutia sukari. "Haiko, Mama. Nilizunguka kote."

Alitazama pembeni ambako sikuona kuna nini. Halafu akasema, "Basi. Niachie miye." Tangu siku hiyo akachangamka. Alinituma nipake mafuta bawaba za mlango wake, nipande mboga ya lenga-lenga nyuma ya jiko, nimtoe panya darini. Nikadhani amekubali, anajifariji tu na mambo ya nyumba. Akaanza pia kuniomba nimpeleke famasi. Yaani nibebe simu, niisimamishe kwenye kaunta pale kwenye kioo chenye utepe, aonane na benchi. Nikafanya hivyo. Watu walikuwa wanasogea wote, kila mtu anaingiza uso, na Mama anaulizwa yote ambayo hakuulizwa kule. Unalala? Unakula? Miguu inavimba? Alikuwa anajibu moja moja kwa raha, na mimi nasimama pale nikiwa na haraka ya kurudi kwenye cherehani na sitaki iishe.

"Unarudi siku gani, Mama?" mama wa famasi alimuuliza.

"Niko najitayarisha," akasema, akavuta pumzi katikati ya neno.

Benchi ndilo lililogundua kwanza. Simu ilipokatika, mwanamke mmoja aliyekuja kununua maji ya chumvi ya mtoto wake anayeharisha alinigusa mkono, akaniambia, "Mama yako anapumua mubaya." Mama wa famasi akaongeza, "Muulize kama anakunywaka dawa." Nikampigia palepale. Mama akasema anakunywa, asubuhi na jioni, bila kukosa. Nikampigia yaya naye, akaenda kumtazama siku ileile.

Alimkuta amekaa kitandani, midomo imebadilika rangi. Wakamkimbiza hospitali. Na alipokuwa anamtafutia nguo za kubadilisha, yaya akakuta mkebe wa biskuti kabatini, chini ya kitenge cha Mama cha kanisani. Ndani kulikuwa na vidonge vya waridi, vyote nusu, vimekatwa kwa kisu cha jikoni na kufungwa kwa karatasi laini, vifurushi kwa vifurushi. Mama hakuwa amesema uongo. Alikuwa anakunywa asubuhi na jioni, nusu. Nusu nyingine alikuwa anaiweka, kwa kuwa kule hawauzi cha kuweka, na huku hakuna cha kununua. Alikuwa anakusanya dawa za kumtosha kuishi nyumbani.

Yaya aliponieleza alikuwa analia, na sijawahi kumsikia yaya analia tangu tuzike baba. Mimi sikulia. Mimi nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia Mama kwa kichwa chake kigumu, nikaikasirikia ile mashine inayojua siku, na yule kijana wa tai, na famasi zote za Lubumbashi na koo zao za dawa. Nilitamani kumgombeza Mama kama mtoto. Halafu nikaingia chumbani kwake, nikakaa kwenye kitanda nilichokitandika kwa ajili yake, nikaona kwamba mimi na yeye tulikuwa tunafanya kazi ileile, ya kumrudisha nyumbani.

Hakufa. Alitoka hospitali, amepungua, na sasa vidonge anapewa mkononi na muuguzi anayekuja nyumbani, anayesimama mpaka ameze. Lakini moyo uliumia. Daktari alimwambia yaya kwamba ndege haiwezekani tena, si mwaka huu wala mwingine. Yaya alimwambia Mama, kwa maana nyumbani kwetu hatufichani mambo kama hayo. Mama akamwuliza tu mkebe uko wapi.

Akataka uletwe Lubumbashi. Yaya akagoma, Mama naye akagoma kula, na wewe ungekuwa yaya ungefanyaje? Mkebe ulikuja kwenye mzigo wa mama mmoja wa parokia yetu. Nilipoufungua ulinukia sabuni ya Mama. Nilichukua nusu moja nikampelekea mama wa famasi, akaisugua kwa kidole ikaacha unga. "Ikikatwa haikai," akasema. "Hewa imeingia." Nikairudisha kwenye karatasi yake, nikauweka mkebe juu ya kabati, pale pa siku zote.

"Imefika?" Mama aliuliza Jumapili.

"Imefika."

"Usipatie muntu. Ni ya wakati nitarudi."

Yeye, ambaye hakuwahi kumnyima mtu hata nusu ya kidonge. Nikamwambia sawa, Mama.

Wiki iliyopita jirani wa mlango wa pili alibisha hodi asubuhi. Mume wake moyo unamwenda mbio tangu jana, famasi bado haijafunguliwa, je, kwenye mkebe wa mama hamuna kintu? Alikuwa amesimama mlangoni, na kutoka pale kabati linaonekana, na mkebe juu yake, mpya, wenye picha ya biskuti. Barabara nzima inajua ulifika. Ningeweza kumwambia zimeharibika. Lakini kusema hivyo ni kusema Mama harudi tena, na neno hilo halikupita mdomoni.

"Haiko," nikamwambia.

Aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Nilijitayarisha kusemwa. Akafunga vizuri kitenge chake kiunoni.

"Sawa, dada," akasema. "Mama akirudi utatuambia."

Nikasema nitawaambia.