Breki za Trela la Mjomba

Katika miaka ya mwisho ya Wafaransa nilikuwa na karakana ndogo ya umeme wa magari mjini Moroni. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, nikarudi Komoro nikiwa mtu mzima, na nilichorudi nacho ni ufundi wangu na Kiingereza cha shuleni. Kiingereza hicho hakikunifaa kwa lolote mpaka mjomba wangu, kaka yake mama, aliponiletea salamu kutoka Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani: ameagiza breki za umeme za trela, na karatasi ya maelezo imeandikwa Kiingereza.

Kwetu mjomba akiita, huulizi. Unafunga mzigo.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara aliyeoa Mutsamudu, na kwa desturi yetu alihamia nyumbani kwa mkewe. Alikuwa na lori moja na trela moja, akibeba mawe ya kujengea na kuni za matanuri ya kukenekea mafuta ya maua ya langilangi. Barabara ya kutoka milimani imekaa kama ngazi. Siku moja trela lililojaa mawe lililisukuma lori kwa nyuma, dereva akakanyaga breki wee, gari lisisikie, hadi likagota ukuta wa shamba la watu. Dereva alitoka mzima. Mjomba hakulala vizuri tena mpaka alipoagiza breki zile.

Vifaa vya magurudumu vilikuwa vimekwisha kufika na kufungwa. Kilichobaki ni kisanduku chenye kipini, cha kuwekwa karibu na usukani. Dereva akikanyaga breki, au akivuta kile kipini, kisanduku kinapeleka umeme nyuma, nalo trela linajishika lenyewe. Kisanduku hicho kilishuka Moroni, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuungua. Meli ilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa bandarini kwa mashua, na kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa nije kesho. Kilipopatikana kilikuwa chini ya magunia ya mchele, na karatasi yake imelowa maji ya chumvi. Nusu ya mchoro ilikuwa doa la wino. Kiingereza nilichoitiwa hakikuwa na cha kusoma.

Nilifika Mutsamudu nimechafukwa na bahari. Mjomba alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mama, halafu papo hapo akanipeleka kuliona lori. Lilisimama nje ya mji, kwa sababu vichochoro vya Mutsamudu ni vya miguu tu. Hata punda hujifikiria kabla ya kuingia. Lilikuwa linang'aa. Nikatoa keekee nitoboe matundu ya skrubu chini ya dashibodi.

"Unafanya nini?" Mjomba alinishika mkono.

"Nataka kufunga kisanduku, mjomba."

"Kwa kulitoboa gari langu? Gari hili halijatobolewa tangu litoke kwao."

"Kisanduku lazima kikazwe. Kikichezacheza, waya zitachomoka."

"Kifunge kwa mpira."

Nilibishana kwa adabu, kama mpwa anavyoweza kubishana na mjomba wake, yaani sikubishana. Nikakata mpira wa ndani wa gurudumu, nikakifunga kisanduku kwenye mti wa usukani kama mtu afungaye kidonda.

Kisha waya. Mjomba alikuwa amenitumia vipimo, lakini alipima trela akasahau kulipima lori. Waya niliokuja nao ulitosha kupeleka umeme nyuma, haukutosha kuurudisha. Waya huo wa kurudishia, ambao mafundi wa huko huuita masi kwa Kifaransa, nikamwambia ndio wa lazima kuliko yote.

"Mbona taa za trela zinawaka na hazina waya huo?" akauliza.

"Umeme wa taa ni mdogo, mjomba. Unarudi kwa kupitia chuma cha kiungo cha lori na trela. Breki zinakula umeme mwingi."

"Chuma ni chuma," akasema. "Jaribu kwanza."

Nikajaribu. Kulehemu nako kukawa adhabu. Jiko la makaa lilikuwa jikoni kwa mkazamjomba, mke wa mjomba, ndani kabisa ya mji. Napasha pasi ya kulehemu mpaka iwe nyekundu, nakimbia nayo vichochoroni, nasimama kuwapisha akina mama wenye ndoo, nasalimia wazee, maana hupiti bila kusalimia, na nikifika kwenye lori pasi imepoa. Mwishowe nilibeba jiko zima mpaka barabarani. Hapo wakakusanyika watu: wapagazi wa bandarini, muuza nguo, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akipita. Kila mmoja ana rai yake. Kishindzuani, lugha ya kisiwa hicho, nilikishika nusu, maana mimi nilikuwa na Kingazija changu chenye Kiswahili ndani yake, na bado nilielewa kwamba wote wanadhani nakosea.

Kabla ya magharibi nilimwambia dereva avute kipini. Magurudumu ya trela yakashika, kwa nguvu hasa. Watu wakapiga makofi. Mjomba akanikumbatia na mikono yangu ya moshi.

Asubuhi aliwaita wafanyabiashara wenzake waje watazame. Dereva akavuta kipini. Kimya. Akakanyaga breki, lori likasimama, trela likajigonga nyuma yake. Taa zote zinawaka, breki hakuna. Mjomba alinitazama tu; bora angenitukana.

Nikafungua kila kitu. Nikapima kwa taa ndogo, nikakata viungo nilivyolehemu nikavirudia, nikalitenga trela na lori, nikatambaa chini, nikafutafuta, nikaliunga tena. Jioni zikafanya kazi. Asubuhi ya pili, hakuna. Nikarudia. Jioni zikashika, na asubuhi iliyofuata zikawa zimekufa tena. Nilifikia mahali nikalipiga teke gurudumu nikaumia kidole. Moroni nilikuwa nimeacha gari la mteja limefunguliwa, na kila siku niliyokaa pale ilikuwa siku ya mtu kunisema vibaya sokoni. Mkazamjomba alinipakulia wali na kusema, "Kula, mwanangu, hasira haijazi tumbo."

Siku iliyofuata niliposali alfajiri sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lori nipime kabla hapajakusanyika watu. Nikamkuta dereva amechuchumaa kati ya lori na trela, kopo la grisi mkononi. Alikuwa anakipaka kile kiungo grisi kwa vidole vyote, anakijaza, kama mama anayempaka mwana mafuta.

"Kaka," nikasema, "unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku, fundi. Kabla ya kuwasha."

Umeme ule mwingi wa breki ulitakiwa urudi kwa chuma kugusana na chuma. Yeye kila alfajiri aliweka tandiko la grisi katikati. Jioni, baada ya mimi kuifuta na kulizungusha lori kutwa, vyuma vilikutana tena. Damu ilinipanda kichwani.

"Umeniona nikihangaika hapa siku zote hizi, hukuniambia!"

"Hukuniuliza kuhusu grisi."

"Na kwa nini uipake yote hiyo?"

Alifuta vidole kwa kitambaa taratibu. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mpole, asiyesema sana. "Siku ile ya ukuta," akasema, "kabla trela halijanisukuma, kile kiungo kililia. Kililia kama mtu. Sasa kikianza kulia tu, miguu yangu inakufa. Napaka kisilie."

Hasira haikuondoka, ilibaki bila mtu wa kumpelekea.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia wazi kwamba bila waya wa kurudishia naondoka kwa chombo cha kwanza. Tulikuwa uani. Kabla hajajibu, mkazamjomba, aliyekuwa anaanua nguo, akauliza, "Waya mnene? Kama huu?" Kamba yake ya kuanikia ilikuwa waya wa shaba wenye ngozi nyeusi, haijulikani umetoka wapi, na ulikuwa umepita juu ya kichwa changu tangu nilipofika. Akaufungua mwenyewe, akanikabidhi, akasema nguo ataanika juu ya ukuta. Mjomba akageuza uso.

Adhuhuri breki zilikuwa zinashika, grisi ipo. Tukapanda mlimani kujaza mawe, dereva, mimi na mjomba katikati yetu. Kurudi, tulipoanza kuteremkia Hombo, upande wa hospitali, mpira ule niliofungia kisanduku ulikuwa umelainika kwa joto. Kisanduku kikateleza, kikaning'inia kwa waya zake. Dereva akawa anakitafuta kipini hewani.

"Kishike!" nikapiga kelele, nikisahau nazungumza na nani.

Mjomba akainama akakidaka kwa mikono miwili, akakibana kwenye dashibodi kwa nguvu zote. Dereva akavuta. Nilisikia magurudumu ya nyuma yakiuma, trela likatulia nyuma yetu, tukashuka polepole mbele ya ndugu za wagonjwa waliosimama kando ya barabara. Mjomba hakukiachia mpaka tulipofika tambarare. Kofia yake ilikuwa imeanguka miguuni.

"Toboa," akasema.

Nikatoboa palepale, kabla hajabadili nia. Skrubu zikakaza.

Niliondoka siku ya pili yake. Nilitarajia neno, sijui neno gani. Mjomba alinipa embe na chupa ya mafuta ya langilangi nimpelekee mama, akamweleza jirani aliyekuja kuniaga kwamba kazi yenyewe haikuwa ngumu, ni waya mmoja tu uliosahauliwa. Dereva alinisindikiza mpaka kwenye chombo, akanibebea kikapu cha zana, akanishika mkono kwa muda mrefu.

Moroni nilikuta mteja wangu amelivuta gari lake kwa kamba, kalipeleka kwa fundi mwingine. Nilinuna wiki nzima. Mama, ambaye nilikaa naye, alikuwa akijipaka mafuta ya langilangi na kunisifia kaka yake, jinsi anavyojali, na mimi nilikuwa nikimwitikia, "Ndiyo, mama," huku nikikoroga chai yangu ambayo, kwa kumkosa mteja, haikuwa na sukari.