Aliposikia "Mahari" Alichukua Panga

Admin, nifichie jina na mtaa pia, maana Kitale tunajuana. Nina miaka thelathini na mmoja, kwetu ni Misikhu, Bungoma, na kwa miaka sita nimeishi na mwanaume ambaye watu humwita mume wangu. Tuna msichana mdogo. Mahari hakuwahi kupeleka kwetu. Nikimkumbusha anasema tungoje mavuno, mahindi yanavunwa, yanauzwa, na yeye anasema tungoje mengine.

Kazi yangu ni kuuza picha za kanvasi za kupamba nyumba. Zinazotoka sana ni za Mediterania: bahari ya buluu, nyumba nyeupe zimepanda mlima, mizeituni kando ya njia. Hakuna mteja wangu aliyefika huko, nami sijafika. Mama mmoja wa Endebess aliniuliza hao watu wanalisha ng'ombe wapi na mlima wote ni mawe, lakini alinunua akaitundika juu ya televisheni. Anayenichapishia ni mzee wa Bungoma mjini, rika la baba yangu. Mteja akitaka mahali fulani, mzee anatafuta mchoro wake, anauchapisha na kuuwamba kwenye fremu ya mbao.

Sasa jueni kwamba sisi watu wa Bungoma, L na R hutuchanganya. Mume wangu amenicheka kwa hilo tangu tujuane. Nikisema "tukure" badala ya "tukule", anauliza wageni kama ni chakula au ni uchaguzi. Nilikuwa nacheka pia.

Jioni hiyo nilikuwa nasonga ugali, simu ikalia mezani. Ni ujumbe wa sauti wa mzee, kwa namba mpya ambayo sikuwa nimeiwekea jina. Mume wangu akaubonyeza.

"Mama, ile mahari yako nimepata. Iko kando ya bahali, nyumba nyeupe mzuri sana. Kuja uone mbele mtu mwingine achukue."

Mzee alimaanisha mahali. Mahali pa kwenye picha, ambapo mteja wangu alikuwa amepaulizia. Mume wangu aliurudia ujumbe ule, kisha akauliza, "Nani huyu anakutolea mahari?"

Niliogopa, na nikiogopa ulimi wangu unarudi Misikhu. Nikamwambia, "Si mahari ya kuolewa. Ni mahari tu, ya kuweka kwa ukuta." Nilijisikia nikilitamka lile neno na sikuweza kulirudisha.

"Ati ni mahari tu," akasema. "Na nyumba nyeupe ashakujengea."

Kofi la kwanza lilinigonga kichwa ukutani. Alipochukua panga nyuma ya mlango nilijua nimekwisha, lakini alipita kwanza hadi kwenye picha yangu ya sebuleni, ile niliyokataa kuuza, akaipasua kona hadi kona. Akavunja fremu kwa goti, akatupa panga, akanijia na ule mti, pini za kanvasi bado zimo. Alinipiga mabega, mgongo, na nilipojikinga nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Pini zilinichana hadi shingoni. Alikuwa anapiga huku anauliza, "Jina lake nani?" Nikimtajia jina la mzee, ananipiga zaidi.

Mimi si mtu wa kupigwa nikatulia. Nilichota ugali wa moto kwa mwiko nikamtandika nao usoni. Akapiga yowe, akashika macho, nami nikaliokota panga kwa mkono mzima. Sitawadanganya. Nilikuwa naangalia shingo yake. Kilichomponya ni mtoto wetu, alikuwa amesimama mlangoni, amejikojolea, hata halii. Nilimvuta tukatoka, na panga nililiangusha langoni.

Mzee alimpigia baadaye akamweleza kila kitu. Mume wangu amelia kwa simu, anasema hakuelewa. Hapo ndipo roho yangu imekataa. Huyu mtu amenitafsiria L na R kwa miaka sita mbele ya wageni. Alipotaka kucheka alielewa kila mara. Siku hiyo alisikia neno la deni lake mwenyewe kutoka kwa mdomo wa mwanaume mwingine, akaona afadhali anivunje.

Sasa niko kwa baba, mkono uko kwenye plasta. Jumamosi hii mume wangu anakuja na wazee wao na ng'ombe wa mahari. Amenitumia ujumbe kwamba amenunua picha nyingine ya bahari, kubwa kuliko ile, ataiweka kwenye msumari uleule. Baba amefurahi, ameshapigilia vigingi vya kuwafunga ng'ombe. Jana alinikalisha akasema, "Binti yangu, mahali imefika. Sasa utarudi kwa bwana yako na heshima." Nilimwonyesha mgongo wangu. Aliuangalia, akasema hata mama yangu alivumilia.

Kwetu ng'ombe wakishaingia boma, mimi ni wa huko na mtoto ni wa huko. Na ninajijua. Akiinua mkono tena, panga sitaliangusha, na mtoto wangu atabaki na mzazi mmoja kaburini na mwingine jela.

Mnaosoma hapa, nijibuni kabla ng'ombe hawajafika. Nitoke nikampokee, au nimbebe mtoto nipite nyuma ya jikoni? Baba anasema mahali imefika. Mimi mahali pa kwenda sina.